Daraja Analodai Marehemu

Nchi yenyewe kwa sasa haina jina. Lilikuwapo, na watu wazima wanalikumbuka, lakini Bunge lililipeleka kwenye kamati ili liboreshwe, kamati ikaondoka nalo kwenda ziara ya mafunzo katika nchi za baridi, na mpaka leo haijarudi. Wananchi hawakulalamika. Waliambiwa kulalamika kunachafua jina la nchi, nao wakaona heri, maana kama jina haliko, litachafukia huko huko liliko.

Katika nchi hiyo kuna mto uitwao Sengera, na kando ya mto kuna kijiji cha Mikwamba, na hapo Mikwamba waliishi Sikudhani na mumewe Kondo, wakulima wa tangawizi. Kila kitu wanachokihitaji watu wa Mikwamba kiko upande wa pili wa maji: soko, shule ya sekondari, hospitali. Kituo cha polisi nacho kiko upande wa pili, lakini hicho hawajawahi kukililia. Daraja hakuna. Kilichopo ni mawe ya msingi.

Hapa msomaji asifanye haraka kudharau. Kila uchaguzi ulipokaribia, mbunge wa jimbo, Mheshimiwa Filimoni Changarawe, alifika na bendi ya tarumbeta akaweka jiwe la msingi la daraja. La kwanza aliliweka ukingoni. La pili, kwa kuwa ukingoni palikuwa pameshajaa jiwe, akaliweka hatua moja ndani ya maji. Uchaguzi ukaja, ukapita, ukaja mwingine, na mawe yakazidi kuingia mtoni, hata wakati wa kiangazi watu wakawa wanavuka kwa kuyarukia moja baada ya jingine. Serikali ikatangaza kwamba Mikwamba kuna daraja linalojengwa kwa awamu. Jiwe la mwisho, lililowekwa katikati ya mkondo, lilikuwa la fahari kupita yote: marumaru nyeusi iliyong'arishwa, na juu yake jina la Mheshimiwa limechongwa kwa rangi ya dhahabu pamoja na vyeo vyake vyote, hata vile alivyovuliwa. Liliteleza kama mgongo wa kambale.

Juu ya jiwe hilo ndipo Kondo alipoteleza. Alikuwa anatoka sokoni, na milimani mvua ilikuwa imeshanyesha. Walimkuta chini kule penye mianzi, amening'iniza shingoni viatu vipya vya shule vya binti yake Hawa, kamba zimefungwa pamoja, kama alivyozoea kubeba kitu asichotaka kilowe.

*

"Mama, usilie sasa," Bwana Ndege, katibu wa Mheshimiwa Changarawe, alimnong'oneza Sikudhani siku ya mazishi. "Mheshimiwa hajaanza."

Sikudhani akamtazama asimwelewe. "Hajaanza nini, baba?"

"Kulia. Kwa itifaki, Mfiwa Mkuu ndiye anayefungua kilio. Wewe ni Mfiwa Msaidizi. Utamfuata."

Na ni kweli, Sheria ya Misiba ya nchi ile inasema hivyo. Mbunge wa jimbo ndiye Mfiwa Mkuu wa kila marehemu aliyejiandikisha kupiga kura. Hukaa kiti cha mbele chenye kitambaa cheupe, hutambulishwa, hulia kwanza, na siku anayozika huhesabiwa kuwa amehudhuria kikao, na posho yake iko pale pale. Ndiyo maana wabunge wa nchi ile wanawapenda sana wapigakura wao, hasa wakishakufa.

Mheshimiwa alilia vizuri. Alilia kwa jicho la kushoto, upande ilikokuwa kamera. Sikudhani hakumtazama usoni. Alikuwa anatazama viatu vyake: vyeusi, vikavu, havina hata tone, kwa sababu alikuja kwa helikopta. Kisha Mheshimiwa akakunja leso, akashika kipaza sauti.

"Ndugu wafiwa wenzangu! Wapo wapinga maendeleo wanaopita huku na huku wakisema Mikwamba hakuna daraja. Nawauliza: Kondo hakuvuka? Kondo amevuka! Amevuka kwenda kwa Muumba wake, amefika salama, na wala hakuhitaji daraja!"

Wapambe wakapiga makofi. Mmoja akapiga vigelegele, wenzake wakamkonyeza kwamba huu ni msiba.

Basi alipoketi, ikafika zamu ya Pazi, kaka wa marehemu na msemaji wa familia. Ikumbukwe kwamba Mikwamba wana desturi yao, kongwe kuliko Bunge. Kabla jeneza halijashushwa, msemaji huuliza maswali mawili. La kwanza: nani anamdai marehemu? La pili: marehemu anamdai nani? Anayetajwa katika la pili hujibu papo hapo neno moja, *nakiri* au *nakana*. Hapelekwi mahakamani, hapigwi faini. Lakini mpaka amejibu, maiti haishuki kaburini. Kwa kawaida mtu hutajiwa jembe aliloazima, au jogoo, husema nakiri huku anainama, na watu wakaendelea na udongo.

Pazi akauliza la kwanza. Mwanamke mmoja akasema alikuwa anamdai Kondo kibuyu cha mbegu, na amesamehe. Akauliza la pili, na alikuwa ameshageuka kuwaita wenye kamba, kwa sababu alijua kaka yake hakuwa mtu wa kukopesha.

Sikudhani akasimama.

"Marehemu anamdai Mheshimiwa Changarawe daraja."

Hata tarumbeta iliyokuwa inakung'utwa mate ikanyamaza.

Mheshimiwa akatabasamu, kwa vile ndivyo uso wake ulivyozoea kila unapotajwa. "Ahsante sana mama kwa swali zuri. Nimelipokea."

"Siyo swali, Mheshimiwa. Ni deni."

"Nimelipokea deni. Hapana! Sijalipokea. Nimelisikia. Naomba nikalifanyie kazi."

"Neno ni moja tu, baba. Nakiri, au nakana."

Mheshimiwa akatazama jeneza, akatazama umati. Akisema nakiri, itabidi ajenge. Akisema nakana, atakuwa amesema uongo juu ya kaburi mbele ya watu waliokuja kwa kurukia mawe yenye jina lake, na uchaguzi hauko mbali. Tangu aingie kwenye siasa hajawahi kuulizwa kitu chenye majibu mawili tu. Akamwinamia Ndege, Ndege akamwonyesha helikopta, na vumbi lilipotua, Mfiwa Mkuu hakuwapo.

Jeneza likabaki juu ya udongo. Hakuna aliyethubutu kulishusha. Likapelekwa zahanati, katika chumba chenye baridi kilichojengwa kuhifadhia chanjo. Chanjo zenyewe hazijawahi kufika, basi nafasi ilikuwapo ya kutosha.

*

Pazi alimfuata Sikudhani jikoni, akakaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Shemeji, umetuweka pabaya. Maiti haisubiri Bunge."

"Kondo alilisubiri akiwa hai, na kazi zake zote. Sasa hivi hana haraka."

"Watu wanasema unamdhalilisha kaka yangu. Kalala kwenye jokofu kama soda."

Neno lile lilimchoma. Sikudhani akageuza uso, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Alikuwa amelala siku zote zile akimwona mumewe peke yake katika kile chumba cha chuma, yeye ambaye hakupenda baridi, ambaye alijifunika mpaka kichwa hata mwezi wa joto.

"Shemeji," akasema baadaye, "Hawa anavuka pale kila asubuhi. Leo amevuka. Kavaa viatu vile vile. Nikimzika baba yake kimya kimya, na yule mtu akalia, akapanda ndege yake akaenda, nitakuwa nimeanza kuchimba kaburi la pili. Sitaki sukari yake, sitaki mchele. Nataka aseme mbele za watu kwamba alipaswa kuweka daraja na hakuweka. Akishasema, nitamzika mume wangu, na nitalia kwa zamu yangu."

Pazi akasema, "Sasa kama atasema nakana?"

"Basi angalau atakuwa amejibu. Kwani umewahi kumsikia akijibu?"

Pazi akafikiri, akaanza kucheka bila kutaka, akajifuta macho na kiganja.

*

Bunge, ambalo halikuwahi kusikia kilio cha Mikwamba, lilisikia jambo hili upesi kabisa. Likaunda Kamati Maalumu ya Kuchunguza Chanzo cha Marehemu. Kamati ikafika, ikafungua miavuli, ikamkalisha Sikudhani juani.

"Marehemu," akaanza Mwenyekiti, "alikuwa na mafunzo yoyote ya kuvuka?"

"Alikuwa na miguu."

"Jiwe alilolikanyaga ni mali ya umma. Aliomba kibali cha kulikanyaga?"

"Mlitaka apite wapi?"

"Hapa tunaouliza ni sisi, mama. Je, ni kweli kwamba siku ya tukio marehemu alikuwa amelowa?"

"Alikuwa amekufa maji, baba."

"Jibu swali. Alikuwa amelowa au hakulowa?"

"Alikuwa amelowa."

Wajumbe wakatazamana, kama watu waliopata kitu.

Kisha wakateremka mtoni kujionea. Mjumbe mmoja mwenye tumbo la kutosha jimbo zima alitaka kuthibitisha kwamba jiwe halitelezi. Akalikanyaga. Askari wawili walimdaka kwa mkanda wa suruali, lakini mto ulikuwa umeshamlowesha mpaka kifuani. Kamati ikakaa kikao cha dharura pale pale ukingoni, ikaazimia kwamba Mto Sengera umevunja heshima ya Bunge, na uitwe kujieleza.

Matokeo ya uchunguzi yalisomwa redioni. Kwamba jiwe halina kosa, kwani lilikuwa limetulia mahali pake wakati marehemu alikuwa katika mwendo. Kwamba maji yaliyomchukua yalitoka milimani, ambako ni jimbo jingine, hivyo lawama ielekezwe kwa mbunge wa huko. Mbunge wa huko akasimama kwa hasira akasema yeye maji hayatengenezi, yalidondoka kutoka angani, na anga liko chini ya Wizara ya Uchukuzi. Waziri wa Uchukuzi akasema suala la nani mwenye mvua liko kwenye mchakato. Hapo wote wakaridhika, kwa sababu katika nchi ile kitu kikishaingia kwenye mchakato huhesabiwa kuwa kimekwisha.

Bwana Ndege akaja tena Mikwamba na vitenge vyenye sura ya Mheshimiwa, na ahadi kwamba Kondo atatunukiwa nishani ya Shujaa wa Miundombinu.

"Mheshimiwa anakuomba ulegeze, mama. Anateseka. Usiku halali."

"Mwambie pole. Na nakiri je?"

"Hilo ndilo gumu."

"Na nakana?"

"Hilo ndilo gumu zaidi."

"Basi chukua vitenge vyako, mwanangu. Nikivivaa nitakuwa nimemkalia usoni, na hilo nalo mtasema ni kosa."

*

Sasa mambo yakaanza kuharibika, maana habari haina haja ya daraja. Kwenye kijiji cha mbali, kusini, mzee mmoja akafa kwa kukosa dawa, na msemaji wa familia alipouliza, kwa kuiga Mikwamba, marehemu anamdai nani, wajukuu wakajibu kwa pamoja: anamdai mbunge zahanati. Mahali pengine marehemu akamdai mbunge kisima. Mahali pengine akamdai barabara yenye lami, ile ile iliyokwisha kuzinduliwa. Wabunge wakaanza kuugua kila waliposikia kuna msiba. Mfiwa Mkuu mmoja alionekana akiruka ukuta wa makaburi na kitambaa cheupe cha kiti kimenasa mgongoni.

Spika akaona hatari. Wabunge wasipokwenda misibani, wananchi watawaona wapi? Akatoa uamuzi: Bunge zima litahamia Mikwamba kwa siku moja, likae kikao cha heshima pembeni ya kaburi la Kondo, limlilie kwa wingi wa sauti, na kwa uzito huo yule mwanamke atatikisika, maiti itazikwa, na desturi ile itazikwa pamoja naye.

Wakaja. Helikopta zilipishana kama kunguru juu ya machinjio. Viti vya enzi vikapangwa, Spika akavaa joho na nywele zake za bandia, akaweka nyundo yake juu ya meza ndogo waliyoazima kwa Sikudhani, aliyokuwa akiandalia chai. Waandishi wa Hansadi wakakaa tayari kurekodi kila neno. Jeneza likaletwa kutoka zahanati, likawekwa mbele yao. Sikudhani alipoliona akalisogelea, akaweka kiganja juu ya ubao. Ulikuwa baridi. Askari akamwomba asizuie mbele ya Waheshimiwa.

Hotuba zikaanza. Mbunge wa kwanza alieleza kifo ni nini. Wa pili alimpongeza wa kwanza. Wa tatu aliwapongeza wote wawili, akampongeza Spika kwa nywele zake, akawakumbusha watu kwamba hata nchi zilizoendelea hufa. Wa nne alianza kwa kusema hatasema mengi. Katikati ya hotuba pilau ikaliwa, ile ya matanga, ambayo wanawake wa Mikwamba walikuwa wamewapikia wafiwa. Jua likashuka shingoni, na baada ya pilau Bunge tukufu likasinzia. Mdomo wa huyu ukafunguka, kidevu cha yule kikaangukia kwenye tai. Mheshimiwa Changarawe alilala kiti cha mbele, mikono juu ya tumbo, kwa amani ambayo Ndege alikuwa amesema hana.

Aliyebaki kusema alikuwa Pazi. Hakuwahi kusimama mbele ya watu wakubwa kiasi kile. Alitaka kuuliza maswali ya desturi, lakini aliogopa maneno ya kijijini yasije yakaonekana ni utovu wa adabu kwa wageni. Akatafuta kichwani lugha ya heshima zaidi. Akaikumbuka moja tu, ile ambayo yeye na marehemu kaka yake walikuwa wakiisikiliza redioni jioni wakimenya tangawizi. Akakohoa.

"Waheshimiwa, sasa nitawahoji. Wanaoafiki kwamba marehemu Kondo anamdai Mheshimiwa Changarawe daraja, waseme..."

Kumbe mbunge wa nchi ile unaweza kumpigia bomba la maji sikioni asiamke, lakini neno *nitawahoji* halijawahi kumkuta amelala.

"NDIYOOOO!"

Ilitoka kwenye vinywa vyote kwa mpigo, macho yakiwa bado yamefumba. Ndege wakaruka kutoka kwenye mianzi. Wakaanza kugonga meza kama ada yao, na kwa kuwa meza hazikuwapo wakagonga viti, wakagonga mapaja ya wenzao, na wawili waliokaa mbele wakagonga jeneza. Sauti iliyotangulia zote ilikuwa ya Mheshimiwa Changarawe mwenyewe. Huko Bungeni alisifika kwayo. Ilikuwa inawatangulia wenzake kama jogoo wa kwanza, na ndiyo kazi pekee ambayo wapigakura wake walikuwa na uhakika kwamba anaifanya.

Naye Spika, bila kufungua jicho, akanyanyua nyundo akaipiga juu ya meza ya chai. "Nafikiri walioafiki wameshinda."

Hansadi wakarekodi.

Kisha Waheshimiwa wakaanza kufungua macho mmoja mmoja na kuulizana wamepitisha nini. Mheshimiwa Changarawe alikuwa bado anatabasamu.

"Nimesema nini?" akamwuliza Ndege.

Ndege akafunika uso kwa mikono.

Sikudhani hakuwasubiri. Alitoka pale alipokuwa ameketi, nyuma, nafasi ya Mfiwa Msaidizi, akapita katikati ya viti vyao mpaka kwenye jeneza.

"Amekiri," akasema. "Mzikeni mume wangu."

Vijana wakashika kamba. Spika alikuwa anapiga nyundo, wabunge wanapaza sauti za mwongozo na taarifa na kuhusu utaratibu, lakini udongo ulikuwa umeshaanza kuanguka, na mlio wa udongo juu ya ubao hauingiliwi na mtu. Hapo ndipo Sikudhani alipolia. Alilia bila itifaki, akakaa chini kabisa, miguu imenyooka mbele yake, na wanawake wa Mikwamba wakamzunguka wakawapa Waheshimiwa migongo yao.

*

Bunge lilikutana haraka kufuta ile ndiyo. Watu waliobaki matangani wakasogea karibu na redio ya Pazi.

"Mheshimiwa Spika," sauti ya Changarawe ikasikika, "ndiyo ya Mikwamba ni batili. Nilikuwa nimesinzia."

"Taarifa! Hata mimi nilikuwa nimesinzia!"

"Mimi nilikuwa nimelala kabisa, Mheshimiwa Spika, naota!"

Kila mmoja akataka usingizi wake uingizwe kwenye kumbukumbu. Spika akafurahi, akamwita Mwanasheria wa Bunge athibitishe. Huyu alikuwa mzee mwembamba ambaye hakuwahi kuulizwa swali tangu aajiriwe, na alikuwa ameketi pale miaka yote akisubiri.

"Mheshimiwa Spika, inawezekana kabisa. Ndiyo ya usingizini tunaweza kuifuta. Lakini sheria haichagui usingizi. Tukiifuta hiyo, inafutika na ile iliyopitisha posho zenu. Siku ile mlikoroma mpaka tukafunga madirisha, majirani wasisumbuke."

Redio ikatoa mguno.

"Inafutika na ile iliyopitisha magari. Na ile ya kuwaongezea muhula, mliyoipitisha baada ya chakula cha mchana. Kwa hiyo muhula wenu utakuwa ulikwisha zamani. Ninyi, kwa heshima zote, mtakuwa wageni katika jengo hili, na wageni hawaruhusiwi kukaa kwenye hivyo viti."

Kimya. Pazi alidhani betri zimekwisha, akaigonga redio kwa ngumi. Haikuwa betri. Lilikuwa ni Bunge linafikiri, na masikio ya nchi ile hayakuwa yamewahi kusikia sauti hiyo.

"Basi," Spika akasema mwishowe, polepole kama mtu anayevuka gizani, "Kiti kimejiridhisha kwamba ndiyo ya Mikwamba ilikuwa ndiyo halali, iliyotolewa na watu timamu, macho makavu. Wanaoafiki kwamba walikuwa macho, waseme ndiyo."

"NDIYOOOO!"

Mikwamba pale matangani walicheka mpaka mmoja akamwaga uji. Sikudhani naye alicheka, kicheko cha kwanza tangu mianzini. Akageuka upande wa kulia kumwangalia mtu ambaye angelifurahia jambo hili kuliko wote, ambaye angelirudia na kuigiza ile sauti mpaka wiki ijayo. Upande ule palikuwa na ukuta tu. Kicheko kikamkatikia mdomoni. Hawa akaona, akaja akakaa pale.

*

Daraja likajengwa, na likajengwa haraka ya kutisha, kwani kila siku lilipochelewa yule mzee mwembamba alionekana Bungeni akisafisha miwani yake, tayari kusoma sheria tena. Halikuwa zuri. Lilikuwa la zege la kawaida, lenye vyuma pembeni, pana kiasi cha mkokoteni na mtu. Huko kusini nako zahanati ikajengwa, kwa sababu desturi ilikuwa imeshapata miguu, na mbunge aliyekwenda msibani bila jibu alirudi bila kura.

Mheshimiwa Changarawe alifika kulizindua. Bendi ile ile, utepe, kitambaa cheupe juu ya kiti. Alihutubia kwamba tangu ujana wake alikuwa na ndoto ya daraja hili, na kwamba usiku na mchana hakulala kwa ajili yake. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kulala ulilala, Mheshimiwa, tulikuona," na umati ukatikisika.

Bwana Ndege akamsogelea Sikudhani na kipaza sauti, jasho linamtoka.

"Mama, nakuomba. Mbele ya kamera. Ni neno moja tu: ahsante."

Sikudhani akakishika kile kipaza sauti. Akamtazama Mheshimiwa, ambaye tayari alikuwa ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu, akisubiri kushukuriwa.

"Mheshimiwa," akasema, "kwetu mtu akilipa deni hashukuriwi. Huambiwa amechelewa."

Akamrudishia Ndege kipaza sauti chake. Akamshika Hawa mkono, akaupita utepe kwa chini, kama unavyopita chini ya kamba ya nguo, wakaanza kuvuka. Bendi ilikuwa imeinua tarumbeta inasubiri ishara, ishara haikuja. Nyuma ya Sikudhani akafuata Pazi, wakafuata wanawake wa kijiji, wakafuata wengine wote, hawasemi kitu, kwa ule mwendo wa kumsindikiza maiti. Na kwa kuwa daraja lilikuwa jembamba, Mfiwa Mkuu akalazimika kubana ubavu kwenye chuma, awapishe wafiwa.